Betri Ndani ya Mkoba

Tangu jiko la ghorofa ya pili liungue, Wasi alikuwa mtu wa kunusa. Akiingia chumbani hunusa kwanza, salamu baadaye. Hata kazini, kwenye ofisi ya maji alikokuwa akipokea simu za malalamiko, pua yake ilikuwa ikipanda ghafla kama ya paka aliyesikia kitu darini, wakati mteja bado anaeleza jinsi bomba lake linavyotoa hewa badala ya maji. Mwenzake wa meza ya pili alishazoea. Alikuwa akimwambia tu, bila kuinua macho, "Ni kahawa, dada. Tulia."

Wasi halikuwa jina lake. Mama yake ndiye aliyelikata kutoka kwenye wasiwasi, zamani za utoto, alipoona ana mtoto wa kushuka kitandani kwenda kuhakikisha mlango umefungwa, na jina likamganda. Mama mwenyewe alikuwa mbegu nyingine. Maisha yake yote ya kazi alipeleka barua kwa miguu, mtaa hadi mtaa, na alipostaafu hakujua kukaa. Ukimkaribisha chai, anainywa amesimama mlangoni. Ndipo kiharusi kikampiga upande wa kushoto, kikamwachia mguu wa kuburuza na mkono unaosikia amri nusu nusu. Akahamia kwa binti yake, ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imegeuka kabati la mafagio.

Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Ulianzia kwenye mafuta ya kukaangia kwa Mama Pacha, jirani wa chini mwenye watoto pacha, ukarukia pazia, na ukazimwa kabla ya kutoka jikoni. Lakini moshi uliingia kwenye ngazi ukapanda juu kama kwenye bomba la jiko. Watu walikimbia chini. Wasi alibaki na mama yake kitandani, wamejifunika pua kwa taulo mbichi, hadi wanaume wanne walipokuja, wakamviringisha mama kwenye shuka, wakambeba. Karibu na ghorofa ya tatu mmoja akaponyokwa na pembe yake. Mama akaning'inia kichwa chini, gauni la kulalia limempanda hadi kifuani, mbele ya jengo zima lililokuwa limejaa kwenye ngazi. Hakuumia. Jioni alipooga na kuvaa, alisema neno moja.

"Sitabebwa tena. Mimi si godoro."

Mama Pacha alipanda mara mbili kuomba radhi. Mara zote mbili Wasi alifungua mlango kadiri ya upana wa uso, akasema asante, tumesikia, akafunga. Baada ya hapo wakikutana kwenye ngazi, kila mmoja aliangalia funguo zake.

Kiti kilipatikana miezi michache baadaye, kwenye hoteli iliyokuwa inafunga na kuuza vitu vyake. Kilikuwa kiti cha kushukia ngazi wakati wa hatari: magurudumu ya kawaida chini, mikanda ya kumfunga mtu kifuani na mapajani, na mgongoni, mahali pa miguu ya nyuma, mikanda miwili ya mpira yenye meno, kama ya kifaru kidogo cha kivita, inayolala juu ya kingo za ngazi na kutambaa. Kushuka, mtu mmoja mwenye nguvu aliweza kukishusha kwa breki tu, taratibu, bila umeme wowote. Kupanda kulihitaji betri. Betri yenyewe ilikuwa ya ukubwa wa tofali, ina mpini juu, uzito wake kama wa mtoto wa miezi mitatu, na ilichomekwa chini ya kiti hadi ikalia *tak*. Ilikuwa na taa moja: kijani, manjano au nyekundu.

"Hiki ni cha moto," Wasi alisema siku kilipoingia. "Si cha matembezi. Betri lazima iwe imejaa kila saa. Mnanielewa?"

Alikuwa akisema na mama yake na mume wake. Mume wake mtaa mzima ulimwita Boflo, kwa sababu alikuwa mwoka mikate, na pia kwa sababu mwili wake ulikuwa umeumuka kidogo. Alitoka alfajiri na kurudi kabla ya adhuhuri, kwa hiyo mchana kutwa nyumbani walikuwa wawili, mtu na mkwe wake, wanasikiliza redio.

Tangu hapo Wasi akapata kazi ya pili. Kila jioni aliinamisha kiti, akabonyeza swichi, akaiangalia ile mikanda ikizunguka hewani bila mzigo. Alisikiliza kama fundi wa saa. Kabla ya kulala alirudia. Asubuhi, mkoba umeshakaa begani, alirudia tena.

"Kiti hiki kinatembea kuliko mimi," mama yake alisema.

Jioni moja Wasi alirudi akaweka kiganja juu ya betri na kuikuta ina joto. Chaja ukutani ilikuwa na taa nyekundu, maana yake bado inajaza, wakati asubuhi aliiacha imejaa. Akakiinamisha kiti. Katikati ya meno ya mikanda kulikuwa na mchanga.

Mama yake alikuwa anakunja leso kwa mkono wake mzima. Boflo alikuwa anatazama redio, kana kwamba redio ina picha.

"Mama, mlitoka?"

"Nani?"

"Wewe na huyu."

"Boflo," mama aliuliza, "tulitoka?"

Boflo alikohoa. "Kidogo."

"Kidogo ndiyo nini? Mtu anatoka au hatoki."

"Tulitoka mara kadhaa," Boflo alisema. "Tunashuka, tunakaa, tunapanda. Nikifika hapa naiacha betri ipoe, ndipo naichomeka kwenye chaji. Mpaka unarudi, imeshajaa. Leo tulichelewa."

"Na kama moto ungetokea betri ikiwa nusu?"

"Moto ungetokea tukiwa nje, mwanangu," mama yake alisema. "Ningeuangalia kutoka ng'ambo ya barabara kama watu wengine."

Boflo aliuma mdomo asicheke, na hilo ndilo lililomchoma Wasi kuliko mchanga. Asubuhi, baada ya kuizungusha mikanda na kuona taa ni kijani, aliichomoa betri, akaiviringisha kwenye kitambaa cha kichwa, akaitia kwenye mkoba na kwenda nayo kazini.

Simu ya Boflo ilimkuta ana mteja kwenye laini nyingine.

"Betri iko wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi?"

"Kwangu."

"Wasi. Tuseme moto unatokea sasa hivi. Tukupigie simu utuletee betri?"

"Kushuka hakuhitaji betri," alijibu haraka. "Utamshusha kwa breki."

Alisikia mwenyewe alichokisema, lakini mteja alikuwa anasubiri, bomba lake limepasuka. Kwa mbali, ndani ya simu ya mumewe, alisikia sauti ya mama yake ikirudia polepole, kama mtu anayeonja kitu: "Kumbe kushuka hakuhitaji betri."

Siku zilizofuata betri ikawa inakwenda na kurudi naye. Bega la kulia likaanza kuuma. Mwenzake wa meza ya pili alijaribu kuusogeza mkoba ule kwa mguu, ukagoma.

"Umebeba nini, mawe?"

"Dawa ya mama," Wasi alisema.

Jioni alifika, akaichomeka kwenye kiti, taa ikawa kijani, mikanda ikazunguka. Akaridhika kwa muda wa chakula, kisha akainuka kuizungusha tena. Kwa kuwa taa ilikuwa kijani siku zote, chaja ilibaki ukutani bila kazi. Kichwa chake kilikuwa mahali pengine. Akiwa nyumbani aliogopa moto, akiwa kazini aliogopa moto na tena akakumbuka kwamba betri iko miguuni pake badala ya kuwa chini ya mama yake. Kuirudisha ilikuwa ni kushindwa. Kuendelea kuibeba ilikuwa ni wazimu, na hilo alilijua. Basi akawa ananyanyuka kwenye meza bila sababu, anakwenda dirishani, anarudi, anauliza kama kuna mtu anayesikia harufu.

Alasiri moja simu ikaita.

"Usishtuke," Boflo alisema, na Wasi akasimama palepale. "Mama yuko chini."

"Chini wapi? Ameanguka?"

"Hajaanguka, amekaa. Tuko chini ya jengo, mlangoni."

"Amefikaje huko?"

"Kwa breki. Kama ulivyosema."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kicheko cha mama na kelele za watu wanaopita. Kisha sauti ya mama yenyewe, bila haraka yoyote: "Mwambie asijisumbue. Amalize kazi yake. Mimi nipo tu."

Wasi hakumaliza kazi. Aliomba ruhusa huku ameshavaa mkoba. Gari alilopanda lilikwama kwenye foleni mbele ya soko, na yeye hakuwa mtu wa kukaa ndani ya kitu kilichosimama. Akashuka, akaenda kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia, betri inampiga nyongani kila hatua. Jua lilikuwa kali. Alijiona akiwaza mambo mawili yanayogombana: kwamba mama yake anachomwa na jua pale mlangoni, na kwamba mama yake alikuwa anacheka.

Alimkuta kivulini. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimefungwa vizuri, kwa fundo ambalo si la Boflo wala la Wasi. Mama alikuwa anasalimiana na kila aliyepita. Tayari alishajua nani kahama na nani kaoa, na kwamba duka la viatu limekuwa duka la simu.

"Umefika? Mbona unahema hivyo?"

"Mama, tupande."

"Kaa kwanza."

"Tupande, Mama. Tafadhali."

Wasi alipiga magoti, akaichomeka betri. *Tak*. Kijani. Alimtazama mumewe kwa jicho la kusema unaona. Boflo alifunga mikanda ya kifua na mapaja, akakilaza kiti nyuma, akapanda kinyumenyume huku ameshika mpini, na Wasi akaja chini yake, mikono imetangulia kana kwamba angeweza kuuzuia uzito ule ukija. Mikanda ikatambaa. Ngazi ya kwanza, ya pili, wakapita ghorofa ya kwanza, sauti ya mota ikiwa nzito kuliko ile ya hewani iliyomlaza Wasi kila usiku. Walipopita ghorofa ya pili taa ikawa manjano. Kabla hajamaliza kusema "Boflo, angalia", ikawa nyekundu, kiti kikalia mlio mmoja mwembamba, na mota ikanyamaza.

Kiti hakikuteleza. Kilishikwa na breki yake palepale, katikati ya ngazi, mama yake amelala nusu anatazama dari.

Wasi alibonyeza swichi, akabonyeza tena.

"Ilikuwa kijani," alisema. "Umeiona mwenyewe. Asubuhi ilikuwa kijani, jana ilikuwa kijani."

"Ilikuwa kijani mimi sijakaa," mama yake alisema. "Hata mimi nikiwa nimekaa ni mzima kabisa. Niambie nipande ngazi ndipo utanijua."

"Mara ya mwisho uliichaji lini?" Boflo aliuliza.

Wasi alifikiri. "Jumapili." Kisha akasema, "Ile Jumapili nyingine."

"Na unaizungusha mara ngapi kwa siku?"

Wasi alianza kuhesabu akaacha, maana jibu lilikuwa limeshamfikia kabla ya hesabu. Betri kuukuu, iliyotumika hotelini miaka, ilikuwa imenyonywa kidogo kidogo na vidole vyake mwenyewe, kila jioni, kila usiku, kila asubuhi, ili ahakikishe kwamba imejaa.

"Niite vijana wa chini watushike mkono," Boflo alisema.

"Hapana," mama alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine. Ule mzaha wote ulikuwa umetoka. Mkono wake mzima ulishika mkanda wa kifuani kwa nguvu. "Nimeshasema. Hapana."

Wasi aliuona ule mkono. Kwa mara ya kwanza tangu simu ilipoita aliacha kufikiria betri.

"Basi tushuke," alisema. "Kushuka tunaweza."

"Tushuke wapi?"

Hapo chini yao, hatua chache, ulikuwa uwanja mdogo wa ngazi wa ghorofa ya pili na mlango mmoja uliokuwa wazi nusu. Juu ya fremu yake bado kulikuwa na alama ya masizi, kama ulimi, ambayo rangi mpya ilishindwa kuifuta.

"Twende ghorofa ya kwanza," Wasi alisema.

"Ghorofa ya kwanza hakuna mtu," Boflo alisema. "Wako kazini."

"Basi chini kabisa."

"Wasi," mama yake alisema, bado anatazama dari, "shingo imenichoka. Piga hodi."

Walimshusha kwa breki hadi pale uwanjani, wakakisimamisha kiti kikakaa sawa. Wasi alisogea mlangoni. Alitafuta maneno ya kuanzia akakuta hana hata moja, kwa sababu salamu ya kawaida alishaitupa mwenyewe, na radhi alikuwa bado hajaiandaa. Akagonga kwa kucha. Mama Pacha, mwanamke mwembamba, akatokea, pasi ikiwa mkononi, waya wake umezungushiwa mpini. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: kupiga pasi nguo za watu.

"Naomba umeme," Wasi alisema.

Ilitoka hivyo hivyo, kavu, bila hata hujambo. Mama Pacha alimtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Mama! Leo mmekwama?"

"Leo tumekwama," mama alisema.

"Umeme upo," Mama Pacha akamwambia Wasi. "Ingieni."

Aliweka pasi chini, akavuta kigoda kifupi kilichokuwa nyuma ya mlango, akaweka mto juu yake, na mto juu ya mto, akauinua mguu wa kushoto wa mama na kuulaza pale kwa namna ambayo Wasi ilimchukua wiki nyingi kujifunza, kisigino nje, goti limekunjwa kidogo. Hakuuliza ni mguu gani. Kisha akalegeza fundo la kitambaa cha kichwa cha mama na kulifunga upya, na Wasi akalitambua lile fundo la mlangoni.

Boflo alikuwa ameshapanda kwenda kuchukua chaja. Alikuwa ametoka mbio zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Kumbe hapa ndipo mlipokuwa mkija," Wasi alimwambia mama yake.

"Barabarani, na hapa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeingia na pua yako," mama alisema. Akaonyesha dirisha kwa kidevu. "Kule kwako juu naona vichwa vya watu tu. Vipara na vitambaa. Hapa naona nyuso."

Boflo alirudi na chaja. Mama Pacha hakumwacha aichomeke. Alichomoa kwanza friji, akaweka mkono ukutani kuzunguka soketi, upande wa nyuma ya kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliridhika. Akasafisha kipande cha sakafu yenye vigae, mbali na nguo, na hapo ndipo Wasi aliporuhusiwa kuiweka betri. Ilikuwa ya moto baada ya kuhangaika na mzigo. Chaja ilipepesa taa yake na kukataa.

"Lazima ipoe kwanza," Wasi alisema. "Ikiwa na joto haipokei."

"Basi nasi tupoe," mama yake alisema.

Wasi hakuweza. Alikaa ukingoni mwa kochi, akasimama. Alikwenda dirishani, ambalo halikuwa na pazia hata moja. Akarudi, akaigusa betri, akasimama mlangoni mwa jiko. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi upya, nyeupe mno, na juu ya jiko kulikuwa na sufuria moja tu, ya maji. Pua yake ikapanda.

"Hakuna kitu," Mama Pacha alisema nyuma yake. "Nimeshanusa kabla hujaingia."

Wasi aligeuka.

"Ninanusa kila ninapopita hapo," Mama Pacha aliendelea. Alizungumza kwa sauti ya chini, macho yake yako kwenye soketi. "Siku ile pacha mmoja alimpiga mwenzake nje hapo kwenye ngazi, nikatoka kuwaamua. Nilitoka tu. Neno moja kwa huyu, neno moja kwa yule. Niliporudi pazia lilikuwa linawaka. Tangu siku hiyo sijakaanga kitu. Tunachemsha. Wanangu wakila kwa watu wanarudi wananisimulia chakula cha kukaanga kama hadithi."

"Hulali?"

"Nalala. Naamka. Nachomoa pasi ambayo nimeshaichomoa." Alicheka kidogo, bila furaha nyingi. "Na kila jioni nasikia ile mikanda yenu. Sauti yake inashuka kwenye ngazi mpaka humu. Najua ni wewe. Nikiisikia, nami nainuka nakwenda kushika swichi zangu moja moja. Nasema, haya, mwenzangu ameanza."

Wasi hakujua aangalie wapi. Muda wote huo, ghorofa mbili chini yake, kulikuwa na mtu anayefanya anachofanya yeye, saa ileile, kwa sababu ileile. Alitaka kukasirika kwa mazoea tu, akashindwa pa kuanzia.

"Ulikuja ukaomba radhi," alisema. "Mimi sikukukaribisha ndani."

"Ulifungua kidogo. Kuna waliosema nami mlango umefungwa."

"Nilikuwa na hasira. Mama yangu walimwangusha."

"Najua. Nilikuwa nimesimama pale." Mama Pacha alimtupia mama jicho. "Yeye ndiye wa kwanza kuja hapa. Boflo alimsimamisha mlangoni kupumzika, nikatoka, nikaanza kulia. Akaniambia, 'Nipe maji, utalia baadaye.'"

"Kiu ilinikaba," mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ngazi hizi zina vumbi."

Boflo aliigusa betri. Imepoa. Akachomeka, na safari hii taa ya chaja ikawaka nyekundu na kubaki hivyo, ikijaza. Wanne wale wakaitazama kama watu wanaotazama uji usifurike. Kisha, kwa kuwa uji huo haukuwa wa kufurika upesi, Mama Pacha akarudi kwenye nguo zake. Alichomeka pasi kwenye soketi ya chumba kingine. Wasi akasimama. Akaketi. Mwishowe akaenda akamshikia upande wa pili wa shuka kubwa lililokuwa linahitaji watu wawili, wakalikunja pamoja, na lilipoisha akachukua lingine bila kuulizwa. Mikono yake ilipopata kitu cha kufanya, miguu yake ilitulia kidogo. Kidogo tu. Kila shuka la tatu alikwenda kuitazama taa.

Jua lilikuwa limeanza kulegea walipopanda. Betri haikuwa imejaa, lakini kutoka pale hadi ghorofa ya nne ilikuwa ni ngazi chache, na Boflo alisema akiona manjano watarudi chini bila ubishi. Mama Pacha alifuata nyuma na mkoba wa Wasi begani, na ingawa ulikuwa mtupu alitembea ameinama upande mmoja, kama Wasi alivyokuwa akitembea na betri. Manjano ilikuja mlangoni kabisa, magurudumu yakiwa yameshagusa sakafu ya nyumbani. Mama Pacha akampa Wasi mkoba, akasema kesho, na papo hapo akashuka mbio, maana alikuwa hakumbuki kama amechomoa pasi.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Wasi aliirudisha betri kwenye kiti siku ileile na hakuibeba tena, lakini asubuhi ya kwanza alifika kituoni akarudi kuhakikisha. Boflo aliipeleka betri kwa fundi, fundi akasema imezeeka, taa inamdanganya mtu, wakaitafuta mpya, nayo ikachukua muda kupatikana. Mpaka ilipokuja, mama alishuka hadi ghorofa ya pili tu, asubuhi Boflo akirudi, na Mama Pacha alikuwa naye dirishani, mmoja anapiga pasi na mwingine anatangaza nani anapita na anafanana na nani. Betri ikirudi juu ilipoa kwanza, ikachajiwa mpaka ikajaa, ikatolewa kwenye chaja. Na mazoezi ya kuzungusha mikanda hewani yakakatazwa na mama mwenyewe.

"Ukitaka kujua kama ina nguvu," alimwambia binti yake, "nipandishe mimi. Mzigo ndio unaosema kweli."

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza baada ya betri mpya, Wasi alisema atamshusha yeye. Boflo alisimama chini, mikono imetangulia. Mahali pabaya ni pale pa mwanzo, kiti kinapoacha sakafu na kuinamia ngazi na mtu anahisi uzito wote unaondoka. Wasi aliubana mpini kwa vidole vyote, akakishusha kiti nusu hatua kwa nusu hatua.

"Usinishike kama yai," mama alisema. "Nishike kama kiti."

Walifika chini. Barabarani kiti kilikuwa kiti tu, cha kusukuma. Wakafika kwenye duka la simu lililokuwa la viatu. Mama akataka kwenda hadi kona. Kwenye kona alitazama pande zote mbili, kama mtu aliyeacha kazi jana, akaonyesha nyumba ambayo mbwa wake alimng'ata, na nyingine ambayo mwenye nyumba alikuwa akiletewa barua za mahakama tu na kila mara akizirudisha akisema amehama.

"Sasa turudi," Wasi alisema. "Betri."

"Barabarani betri hailiwi, mwanangu. Betri ni ya ngazi. Hapa kinaliwa kiuno chako."

Na hilo lilikuwa kweli. Wasi alitazama nyuma. Jengo lao lilionekana bado, madirisha yote, la ghorofa ya pili halina pazia. Aliangalia kama kuna moshi. Hakukuwa na moshi.

"Mtaa mmoja tu," mama alisema. "Ule pale. Halafu tutaona."

Wasi akafuta mikono yake kwenye gauni, akashika mpini, akasukuma.